Injini ya Kaka, Winchi Yangu

Makumbusho ya Reli
4 Februari

Kaka,

Shikamoo. Natumaini miguu imepungua kuvimba na binti yako bado anakuvumilia hapo kwake. Ningekupigia simu, ila mara ya mwisho nilikuuliza unatumia dawa gani ukanijibu "na wewe pia", kwa hiyo naandika. Masikio yako uliyaacha kwenye injini, na injini ninayo mimi.

Hilo ndilo la leo. Uwanja wetu umechukuliwa. Walikuja watu wawili na tepu, wakapima kutoka getini hadi banda la nyuma bila hata salamu, na wiki iliyofuata barua ikaja: mwisho wa Aprili makumbusho yawe yameshatoka. Tumepewa jengo jingine, nyuma ya chuo cha ufundi. Ni zuri, paa halivuji, ila ndani linaingia kipande cha reli cha mita kumi na nne tu. Maana yake ni kwamba kitu kimoja kikubwa ndicho kitakachohamia. Kingine kitakatwa kwa gesi na kubebwa kama chuma chakavu.

Vitu vikubwa tunavyo viwili, unavijua. Ipo injini yako ya mvuke, na ipo winchi, ile ya kunyanyulia injini na mabehewa yaliyoacha reli, ambayo mimi niliitumikia miaka kumi na miwili kabla hawajaniweka hapa kuwa mtunzaji. Taa, kengele, saa na tiketi za zamani zitaingia kwenye maboksi, hazina shida.

Kamati inataka maandishi kutoka kwa watu waliovifanyia kazi. Tumebaki wawili. Mwenyekiti, yule mama anayening'iniza miwani shingoni, aliniambia, "Mwandikie kaka yako Mwewe. Tunataka sana kumsikia Mwewe." Mimi nilikuwa nimesimama mbele yake na kitambaa cha grisi mkononi, na hakuniuliza nina lipi la kusema.

Jana walikuja wanafunzi arobaini. Wakapanda injini yako, wakapiga picha chini ya bango lenye uso wako. Mwalimu wao akanigeukia: "Mzee, huyu dereva bado yuko hai?" Nikamwambia yuko hai na kiburi chake kimezidi. Akacheka sana. Halafu akaniuliza choo kiko wapi.

Basi andika unachotaka. Mimi ni mjumbe tu.

Mdogo wako,
Spana

*

Nyumbani kwa binti yangu
19 Februari

Mdogo wangu Spana,

Marahaba. Miguu haijambo, kiburi kipo.

Nimesoma barua yako mara tatu, na mara zote nimeshindwa kuelewa kinachojadiliwa ni nini. Hivi kweli watu wazima wamekaa mezani, wameletewa chai, wanajiuliza kati ya injini na winchi? Winchi ni winchi, bwana! Ziko bandarini, ziko kwenye majengo, ukitaka kuona winchi unainua shingo tu. Ile injini imebeba watu wa nchi nzima. Wamepanda mabibi harusi, wamepanda wagonjwa, kuna mwanamke alijifungua behewa la tatu na mtoto akapewa jina langu. Winchi ilibeba nini zaidi ya aibu za watu?

Nitaiandikia kamati, usiwe na wasiwasi. Ila mimi niko mbali, na wewe uko hapo, wanakuona kila siku. Nataka na wewe uandike. Waambie injini ndiyo iende. Neno la mtunzaji lina uzito, hata kama hawakuonyeshi.

Na usinune. Nakujua unavyonuna, mdomo unatangulia mbele kama bampa. Mimi ni kaka yako, sijawahi kukuomba mengi. Yapo niliyoyameza kwa ajili yako kuhusu siku ile ya kona, na wewe unayajua, na kwa miaka thelathini na moja sijayatapika mbele ya mtu. Sasa nakuomba hili moja.

Mwezi wa nne nitakwenda kwa mjane wa Mchochea kama kila mwaka, tarehe yenyewe ikifika. Ninakaa naye barazani, tunamkumbuka mumewe, hatusemi mengi. Alikuwa mchochea makaa wangu miaka tisa, na hakuna aliyeijua ile injini kama sisi wawili. Nataka nimpelekee habari njema, kwamba mahali alipofia mumewe hapatakatwa.

Kaka yako,
Mwewe

*

Makumbusho ya Reli
1 Machi

Kaka,

Shikamoo. Leo sitanuna, nitasema.

Umeniambia umemeza kitu kwa ajili yangu. Nimeweka barua yako juu ya meza, nikazunguka injini mara mbili, nikarudi, bado imeandikwa vilevile. Umemeza nini wewe? Niambie waziwazi, kwa jina lake, maana mimi nilidhani kwenye nyumba yetu mmezaji ni mimi.

Injini mliijua wewe na Mchochea, sio? Haya. Nani anajua kwamba mlango wake wa moto sasa haufungi mpaka uuinue kidogo kwa goti? Nani anajua bomba la tatu kutoka chini limetoboka kwa kutu, na kwamba mvua ikinyesha inabidi niweke ndoo chini yake? Wewe uliiendesha miaka kumi na sita. Mimi naipaka mafuta huu mwaka wa kumi na tisa. Nimekuzidi, Mwewe. Nimekuzidi kwa miaka mitatu na hakuna bango lililoandika hivyo.

Nitakwambia ukweli ambao nimekuwa naona haya kuusema: ninakuonea wivu. Si wivu wa kuchekea. Ni ule unaomfanya mtu aache chakula mezani. Ulikuwa ukipita na treni yako, Mama anaacha chungu kinaungua anakimbilia nje akupungie mkono. Mimi nikirudi kutoka karakana alikuwa ananiambia nipitie nyuma nisichafue sebule. Na alikuwa sahihi, nilikuwa mchafu! Ila roho iliniuma, na inaniuma mpaka leo nina mvi.

Na huyo mjane. Kila mwaka unapanda basi saa sita nzima, miguu imevimba, kwenda kukaa kwenye baraza la mtu. Kutoka kwako mpaka hapa ni saa nne. Tangu nimepewa kazi hii umekuja mara ngapi? Mara moja, siku ya kufungua bango lako, na uliondoka na gari la wageni kabla sijamaliza kufunga geti.

Sitaandika kwa ajili ya injini. Nitaandika kwa ajili ya winchi. Unasema ilibeba aibu za watu. Ni kweli kabisa, na aibu moja nzito kuliko zote ilikuwa ya kwako.

Spana

*

Nyumbani kwa binti yangu
12 Machi

Mdogo wangu,

Umetaka niseme kwa jina lake. Haya, na tusilaumiane baadaye.

Siku ile pale kona sikumbuki kitu. Nakumbuka tumetoka stesheni, Mchochea ananiambia makaa ya safari ile ni mabovu, basi. Kinachofuata ni dari ya hospitali, siku mbili baadaye, mbavu nne zimevunjika. Nikaambiwa Mchochea amekufa. Nikaambiwa injini iliacha reli kwa sababu chuma cha breki, kile kinachounganisha mkono wa dereva na magurudumu, kilikatika tukiteremka. Nikauliza nani aliikagua breki. Wakatazamana. Nikajua ni wewe.

Ulikuwa fundi wa breki na sahihi yako ilikuwa kwenye kitabu cha ukaguzi, siku tatu kabla. Hukuona ufa. Au uliuona, ukawa na haraka ya kwenda nyumbani. Sijui, na sijawahi kukuuliza. Tume ya uchunguzi ilipokuja kitandani kwangu ilitaka kukufukuza kazi siku hiyohiyo. Mimi, mbavu zikiwa zimefungwa, siwezi hata kukohoa, niliwaambia kosa ni langu nusu, nilikuharakisha ili niondoke kwa wakati. Ulikuwa uongo. Nilikudanganyia. Ndiyo maana ulishushwa tu, ukapelekwa kupaka grisi winchi, badala ya kutupwa nje.

Mtu wangu alikufa kwa mkono wako, na mimi nilikusamehe bila wewe kuomba. Hilo ndilo nililolimeza. Ndiyo maana kuja hapo kunanishinda, kama unataka kujua. Nikiona mikono yako naona breki.

Sasa unanijia na hesabu za nani amepaka mafuta miaka mingi. Acha, mdogo wangu. Iandikie kamati neno moja zuri juu ya injini, tulifunge jambo hili, tuzeeke kwa amani.

Kaka yako,
Mwewe

*

Makumbusho ya Reli
20 Machi

Kwa Mwenyekiti wa Kamati ya Makumbusho

Mheshimiwa Mama,

YAH: MAELEZO YA MTUNZAJI KUHUSU INJINI NA WINCHI

Hamkuniomba maelezo. Nayatoa.

Mimi ni mdogo wake dereva aliye kwenye bango. Bango linasema "aliyeendesha miaka kumi na sita kwa ustadi usio na doa", na kwamba ajali moja aliyopata ilisababishwa na hitilafu ya breki. Kabla hamjaamua ni chuma gani kihamishwe na kipi kikatwe, mjue hicho mnachokienzi ni nini.

Breki ilikuwa nzima. Niliikagua mimi na ilikuwa nzima. Kona ile iko karibu na karakana yetu, tulisikia kishindo tukiwa kazini, nikakimbia na spana mkononi na ndiyo maana mpaka leo naitwa hivyo. Nilikuwa wa kwanza kupanda ndani. Mkono wa mvuke ulikuwa wazi mpaka mwisho, na mkono wa breki ulikuwa mahali pake, haujaguswa. Dereva alikuwa anakimbiza. Katika makazi yaliyo chini ya kona ile watu walikuwa na tabia ya kutoka nje kumtazama akipita, na yeye alipenda kutazamwa. Siku zote aliikata kona ile kwa kasi, na siku hiyo kasi ilizidi.

Niliufunga mkono wa mvuke kwa mkono wangu. Winchi ilipofika nikaingia chini ya injini kufunga minyororo, maana wengine waliogopa, na nilipokuwa peke yangu huko chini nilichukua nyundo nikakivunja chuma cha breki. Mapigo mawili. Nilijua watasoma sahihi yangu kitabuni. Nilijua nitashushwa. Alikuwa kaka yangu, na mtu alikuwa amekufa, na kama wangejua ni mwendo angeishia jela.

Kwa hiyo injini inasifiwa kwa kazi ya dereva, na winchi, iliyomnyanyua dereva huyo kutoka mtaroni, inakaa banda la nyuma bila hata kibao. Mimi naiomba kamati ichukue winchi. Injini ikatwe. Nimeilea miaka kumi na tisa na ninasema ikatwe.

Naweka sahihi yangu, na safari hii ni ya kweli.

Mtunzaji wa Makumbusho

*

Nyumbani kwa binti yangu
22 Machi

Mdogo wangu,

Barua yangu ya mwisho ilikuwa kali. Nimekaa nayo moyoni siku kumi. Binti yangu aliniuliza kwa nini siongei, nikamwonyesha ile ya kwako. Aliposoma habari ya Mama na chungu akacheka, kisha akaniangalia akaniambia, "Baba, wewe nawe unamwonea Baba mdogo wivu, sema tu." Nikamfukuza chumbani. Nimemwita tena leo nimwambie kwamba amesema kweli.

Ndiyo, ninakuonea wivu. Wewe unaamka asubuhi unaikuta pale. Unaigusa. Mimi nina bango, na bango nimeliona mara moja. Nikiota, ninaota naendesha, nikiamka nina fimbo na kopo la vidonge. Wewe mpaka leo mikono yako ina kazi.

Na kuna jingine la aibu zaidi. Nilipokuwa hospitali, nesi mmoja ambaye kaka yake alikuwa karakana alinisimulia jinsi mlivyoinyanyua injini. Alisema wewe ndiye uliyeingia chini wakati kila mtu amerudi nyuma, na magurudumu yalipokaa juu ya reli watu wote walipiga makofi na kuita jina lako. Mchochea wangu hajazikwa, mbavu zangu zimesagika, na mimi nimelala pale namwonea kijicho mdogo wangu kwa sababu amepigiwa makofi! Hicho sijawahi kumwambia mtu hata kwenye sala.

Nimeshaiandikia kamati leo asubuhi. Nimewaambia wachukue winchi. Nimesema injini ilinibeba nikiwa na nguvu, ila siku niliyoanguka ilikuwa haina la kunifanyia, na aliyeninyanyua ni winchi na mdogo wangu. Nimesema bango liandikwe jina lako, na nimetaja kwamba uliingia chini peke yako. Habari ya breki sikuigusa na sitaigusa.

Injini na ikatwe. Mjane wa Mchochea nitamweleza mwenyewe, ataelewa.

Wewe nisamehe ukali, na mimi yale ya zamani nilishakusamehe.

Kaka yako anayekupenda,
Mwewe

*

Makumbusho ya Reli
2 Aprili

Kaka, shikamoo.

Barua yako ya tarehe ishirini na mbili imefika leo saa tano. Naandika haraka ili iwahi gari la posta.

Kama kuna bahasha imekuja kwako kutoka kamati, ile ya kaki yenye mhuri wa bluu, usiifungue. Nakuomba kwa jina la Mama. Irudishe, au ichome, au mpe binti yako aitupe. Ndani yake hakuna kitu cha maana.

Nimekimbia ofisini kwao sasa hivi, na mguu wangu mbovu unaujua. Nilitaka nirudishiwe karatasi niliyowapa. Karani akaniambia maelezo yakishapokelewa hayarudi, na kwa kuwa umetajwa ndani yake, nakala imetumwa kwako ili uyajibu, ndio utaratibu wao. Nikamwuliza imetumwa lini, akaangalia daftari lake taratibu kama mtu anayechambua mchele. Jumatatu, akasema.

Kaka, niliandika nikiwa na hasira. Barua yako ya tarehe kumi na mbili ilinichoma. Uliponiambia mtu alikufa kwa mkono wangu nilishindwa kuvumilia. Mimi nilidhani miaka yote unajua. Nilidhani unajua kilichotokea, ukanyamaza, ukakaa na sifa zako. Sikujua kwamba hukumbuki. Ungeniambia mapema kwamba hukumbuki!

Usiifungue.

Mdogo wako

*

9 Aprili

Bahasha ilifika kabla ya barua yako. Nimesoma yote.

Tarehe kumi na nne nakwenda kwa mjane. Usiniandikie mpaka mimi nikuandikie.

*

Makumbusho ya Reli
30 Aprili

Kaka,

Shikamoo. Umenikataza kuandika na mimi naandika, maana leo kuna jambo ambalo hakuna mtu mwingine wa kukwambia.

Kamati ilikaa. Mwenyekiti alisoma barua mbili, yako na yangu, akasema hajawahi kuona ndugu wawili wanakubaliana hivyo. Habari ya nyundo aliiruka. Alizikunja karatasi tu, akaniangalia juu ya miwani, na mimi nikaangalia viatu vyangu. Wamechagua winchi. Imeshahamishwa, imekaa kwenye mita zake kumi na nne kama mgeni asiyejua aweke wapi mikono.

Injini imekatwa leo. Walikuja mafundi wanne na mitungi ya gesi, vijana wazuri, wana adabu. Mkubwa wao aliniuliza, "Mzee, tuanzie wapi?" Nikamwambia aanzie kwenye bomba la tatu, lilishakuwa bovu. Nilitegemea nitafurahi, nakwambia bila kuficha. Miaka kumi na tisa kuna sehemu ndani yangu iliyokuwa inaingoja siku ya kuona chuma kile kinalala chini. Walipofika kwenye chumba cha dereva nikawaambia wapumzike, wanywe maji. Wakapumzika. Wakamaliza maji. Nikawaambia wanywe tena. Yule mkubwa akanishika bega akaniambia, "Mzee, nenda ukakae kule nyuma." Nikaenda.

Nimeshinda, Mwewe. Nimekushinda na ningeshinda bila kusema neno. Ulikuwa umeshanipa mwenyewe, ila barua zetu zimepishana njiani. Sijui nifanye nini na ushindi wa namna hii.

Kama hutaki kunijibu nitaelewa.

Mdogo wako,
Spana

*

Nyumbani kwa binti yangu
14 Mei

Spana,

Nakujibu kwa sababu nina swali, si kwa sababu nimepoa.

Kwanza nikueleze ulichonifanyia, maana nadhani hukijui. Ulinipa breki iliyovunjika na mimi nikaishi nayo. Nilikuwa na huzuni ya Mchochea, lakini huzuni safi, huzuni ya mtu aliyefiwa. Nilikaa barazani kwa mkewe mwaka baada ya mwaka, nikanywa chai yake, nikaangalia watoto wake wanavyokua, na sikuinamisha macho hata mara moja. Nililala usingizi wangu. Mzigo ule ulikuwa wako, na mimi nikajiona mtu mwema kwa kukusamehe. Sasa umeuchukua uongo wako na kunirudishia mtu niliyemuua. Una haki. Ulikuwa wako kuutoa, ni wako kuuchukua. Ila uliutoa kwa mapenzi na umeuchukua kwa wivu, na hapo ndipo pananiuma.

Nilikwenda tarehe kumi na nne. Alinifungulia kama kawaida, birika liko jikoni. Nilimwambia nikiwa nimesimama, maana ningekaa nisingesema. Nikamwambia breki ilikuwa nzima, nilikuwa nakimbiza ili watu wanione. Alinisikiliza mpaka mwisho. Hakulia, hakunitukana. Hakuniambia niondoke, ila hakuniambia nikae. Birika likaanza kuchemka, likachemka mpaka maji yakazima moto, na hakuna aliyekwenda kulitoa.

Kisha akaniuliza, "Mume wangu alikuwa anafanya nini wakati huo?" Nikamwambia sikumbuki. Akasema, "Nimekuuliza swali moja tu kwa miaka yote hii, na hilo ndilo hulijui." Akaingia ndani.

Wewe ulikuwa wa kwanza kupanda. Wewe ulimwona. Kwenye karatasi yako umeandika mikono ya mvuke na mikono ya breki, Mchochea hukumwandika popote. Alikuwa wapi? Alikuwa ananisihi nipunguze? Alijaribu kuruka? Niambie kama ilivyokuwa, hata kama ni mbaya. Usinihurumie tena, nimechoka kuhurumiwa na wewe.

Mwewe

*

Makumbusho ya Reli, jengo jipya
20 Mei

Kaka,

Shikamoo. Umeuliza, nakujibu, na ukimaliza kusoma mpelekee mjane karatasi hii aisome kwa macho yake.

Hakuruka. Mlango wa upande wake ulikuwa wazi, nyasi ziko pale pale nje, angeweza kuruka na angepona. Nilipopanda nilimkuta amekulalia wewe. Amekukumbatia kwa mikono yote miwili, mgongo wake ameuelekeza kwenye tanuru la moto, na makaa yote yaliyomwagika yalimwagikia yeye. Wewe hukuungua hata nywele. Alikuwa ameshakufa, lakini alikuwa amelishika shati lako, na mimi ndiye niliyemfungua vidole, kimoja kimoja. Cha mwisho kilinishinda, nikakata kipande cha shati. Alizikwa nacho mkononi. Mwambie mkewe atakuwa alikiona na hakujua ni nini.

Nilikificha hiki kwa kila mtu, na sababu yake si kukuhurumia. Nilikificha kwa sababu nilimwonea wivu. Maiti, Kaka! Mtu ameungua, mimi nimepiga magoti pale namfungua vidole, na kinachonipitia kichwani ni kwamba huyu si ndugu yake, mimi ndiye ndugu yake, ilikuwaje awe yeye? Nilitamani hata hilo liwe langu. Nilikwenda chini ya injini na nyundo nikiwa na mawazo hayohayo. Nilitaka na mimi niwe nimekufanyia kitu kikubwa kama chake. Nikakifanya, na wewe ukaenda kwa mkewe, mwaka hadi mwaka, na mimi nikabaki nakuhesabia safari.

Sikuwahi kuutaka ule umaarufu wako. Nilidhani nautaka. Hata winchi sikuitaka sana, nilitaka tu uje hapa ubishane nami juu yake uso kwa uso.

Sijui kama unaweza kunitazama tena mikono. Mimi siwezi kuja huko, mguu haukubali kukaa saa nne kwenye basi, nimeshajaribu kufika stendi mara mbili wiki hii nikarudi. Kwa hiyo lazima uje wewe. Kuna kitanda. Kuna chumba chenye dirisha. Njoo ukasirike hapa.

Mdogo wako